Kilichokosekana Mlangoni pa Paneli: Kumbukumbu za Ufundi wa Umeme Msalato

Katika viwanda, nyumba za pampu na majengo makubwa, umeme humdhuru fundi kwa njia mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: ya kwanza ni kupigwa na umeme, yaani mkondo kupita ndani ya mwili, na ya pili ni kuunguzwa na tao la umeme, yaani mwako unaozuka pale mkondo mkubwa unapopenya hewani kati ya vyuma viwili vyenye umeme, au kati ya chuma chenye umeme na kasha lililounganishwa na ardhi. Njia ya kwanza inafahamika kwa kila mtoto aliyewahi kukatazwa kusogelea waya uliokatika, lakini ya pili haifahamiki sana hata miongoni mwa watu wanaoishi kwa kazi ya umeme, ambao huijumuisha katika neno moja la shoti na kuiona kama bahati mbaya isiyopimika. Makala haya yanahusu njia hiyo ya pili, na hasa lebo inayopaswa kubandikwa mlangoni pa paneli ili kumweleza fundi ukubwa wake kabla hajaufungua mlango. Msingi wake ni kumbukumbu za kazi ya ufundi ambayo mwandishi wake aliifanya katika nyumba za pampu, mashine za nafaka na majengo ya taasisi zilizo kandokando ya barabara itokayo Dodoma mjini kupitia Msalato kwenda Kondoa, Babati na Arusha.

Tao la umeme ni jambo la muda mfupi sana lenye nguvu kubwa mno. Kiini chake kinaweza kufikia nyuzi joto zinazokaribia 19,000 za Selsiasi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua, na joto hilo huigeuza shaba kuwa mvuke ambao hutanuka hadi kufikia takriban mara 67,000 ya ujazo wake wa awali, ndiyo maana mwako huo huambatana na mlipuko unaong'oa milango ya paneli, kurusha matone ya chuma kilichoyeyuka na kuziba masikio. Anayeunguzwa na tao si lazima awe amegusa kitu chochote chenye umeme. Inatosha awe amesimama mbele ya paneli iliyo wazi, kwa umbali ambao mafundi wengi wangeuona kuwa salama kabisa. Katika hili ndipo elimu ya kawaida ya usalama, ile ya kuvaa viatu vya mpira na kutogusa waya ulio uchi, inapomwacha fundi mikono mitupu, kwa sababu kiatu cha mpira huzuia mkondo kupita mwilini lakini hakizuii joto kufika usoni.

Kupimwa kwa hatari hii kulianza kwa kuchelewa. Umeme wa viwandani ulikuwa umekwisha kutumika kwa takriban karne nzima pale mhandisi wa Marekani Ralph Lee alipochapisha, mwaka 1982, hesabu zilizoonyesha umbali ambao joto la tao linaweza kumletea mtu majeraha yasiyopona. Hesabu za namna hiyo hutegemea kipimo kimoja cha ngozi ya binadamu, ambacho ni kalori 1.2 kwa kila sentimita ya mraba, kalori moja ikiwa ni joto linalotosha kupandisha nyuzi moja ya Selsiasi katika gramu moja ya maji. Ngozi ikipokea kiasi hicho huanza kutoka malengelenge ya jeraha la daraja la pili, na umbali ambao joto hushuka hadi kufikia kiasi hicho ndio unaoitwa mpaka wa mwako, ambao mtu asiye na mavazi maalumu hapaswi kuuvuka paneli ikiwa wazi na umeme ukiwa umewashwa. Mwaka 2002 taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, ilitoa kanuni ya kukokotoa joto hilo kwa paneli moja moja, na mwaka 2018 ikaitoa upya baada ya majaribio zaidi ya 1,800 yaliyofanywa ndani ya makasha ya chuma na katika hewa ya wazi. Kanuni hiyo inahusu mifumo ya kuanzia volti 208 hadi volti 15,000, kwa hiyo inazikumba paneli za volti 400 na vifaa vya volti 11,000 vinavyotumika Tanzania, ingawa haizifikii njia za volti 33,000, ambazo huhitaji hesabu za namna nyingine.

Lebo iliyokamilika hutokana na hesabu hiyo. Hutaja volti za paneli, mpaka wa mwako kwa sentimita au mita, kiasi cha joto kitakachomfikia fundi akiwa katika umbali wa kawaida wa kufanya kazi, ambao kwa paneli ndogo za volti 400 huchukuliwa kuwa milimita 455 kutoka kwenye shaba hadi kifuani, na mavazi yanayoweza kuhimili joto hilo. Iliyo bora zaidi hutaja pia tarehe ya hesabu na kifaa kinachotarajiwa kuukata umeme shoti ikitokea. Ikilinganishwa na hiyo, alama ya fuvu na mifupa yenye neno HATARI, ambayo kila Mtanzania ameiona kwenye nguzo za transfoma, hufanya kazi tofauti kabisa, kwani huwaonya wapita njia wasiokuwa na sababu yoyote ya kukaribia. Fundi anayo sababu ya kukaribia, na ameajiriwa akaribie, hivyo kumwambia kwamba umeme ni hatari hakumwongezei maarifa yoyote. Anachohitaji kuelezwa ni hatari ya paneli hii ni kubwa kiasi gani, inaanzia umbali gani, na inazimwa kutokea wapi.

Katika miaka ambayo kumbukumbu hizi zinaihusu, milango ya paneli za ukanda wa Msalato ilikuwa na mojawapo ya mambo matatu: fuvu jekundu, pembetatu ya njano yenye mchoro wa radi, au kibandiko cha kiwandani kilichoandikwa kwa lugha ya nchi ilikotoka paneli, Kichina mara nyingi, ambacho hakuna aliyeweza kukisoma. Ilikuwapo pia milango isiyo na kitu, na mingine iliyokuwa imeng'olewa ili hewa ipite na breka zisipate joto. Taarifa za maana zilikaa vichwani mwa mafundi wachache wa zamani, na fundi wa namna hiyo alipostaafu au kuhama, taarifa hizo zilihama pamoja naye.

Mmoja wa mafundi hao, mzee aliyejifunza kazi kwa kubeba mkoba wa mafundi wenzake tangu ujanani, alikuwa na desturi ambayo vijana waliokuwa chini yake waliichukulia kama tabia ya uzee. Kila paneli aliyoifungua aliiandika ndani ya mlango kwa kalamu ya rangi: umeme unatoka transfoma ipi, breka yake iko chumba gani, breka hiyo imewekwa kukata kwa ampea ngapi, na siku aliyoyathibitisha hayo. Kabla ya kuwasha breka kubwa alisimama ubavuni mwa paneli, upande wa bawaba, akageuza uso pembeni na kutumia mkono ulio karibu na ukuta, na kijana yeyote aliyesimama mbele ya mlango aliondolewa kwa amri isiyojadiliwa. Mzee huyo hakuwa amesoma kanuni yoyote ya IEEE wala hakujua kalori ngapi huchoma ngozi, lakini maandishi yake yalibeba karibu nusu ya yale yanayotakiwa na lebo ya kisasa, na nusu hiyo ndiyo ngumu zaidi kuipata. Ukiwa na ukubwa wa transfoma, urefu wa waya na mpangilio wa breka, mhandisi mwenye kompyuta anaweza kumaliza hesabu iliyobaki akiwa ofisini. Asipokuwa navyo, programu yoyote ya gharama kubwa itampa jibu la kubahatisha lenye sura ya uhakika.

Suala la tarehe, ambalo mzee yule alilizingatia kwa silika, lina uzito wa pekee katika sehemu inayokua kwa kasi kama Msalato. Kwa miongo mingi eneo hili, lililo kilometa kumi na kadhaa kaskazini mwa katikati ya jiji, lilijulikana kwa shule ya sekondari ya wasichana, chuo cha theolojia cha Kanisa Anglikana na mashamba ya Wagogo, huku mahitaji makubwa ya umeme upande huo yakiwa mbele zaidi, Mzakwe, ambako pampu huvuta maji ya bonde la Makutupora yanayoinywesha Dodoma. Hali ilibadilika baada ya Serikali kuhamia Dodoma kwa dhati kuanzia mwaka 2016 na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Msalato Desemba 2019, Rais Samia Suluhu Hassan akaweka jiwe la msingi Oktoba 2022, na barabara yake ya kurukia imepangwa kuwa na urefu wa mita 3,600. Wakati huohuo kituo cha kupozea umeme cha Zuzu, magharibi mwa jiji, kimekuwa kiungo cha njia ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kwenda Singida na Shinyanga, na njia nyingine ya kilovolti 400 imepangwa kuleta umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kupitia Chalinze. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza safari mwaka 2024.

Maendeleo hayo yote ni ya kufurahiwa, lakini yanabadilisha kitu kisichoonekana machoni, nacho ni mkondo wa shoti, yaani wingi wa ampea ambazo gridi inaweza kuzisukuma mahali nyaya zinapogusana. Mfano wa kawaida wa hesabu unatosha. Transfoma ya kVA 200 yenye upinzani wa ndani wa asilimia 4 inaweza, kwa upande wa volti 400, kutoa mkondo wa shoti unaokaribia ampea 7,200. Ikibadilishwa na kuwekwa ya kVA 500 yenye upinzani uleule, mkondo huo hufika karibu ampea 18,000. Paneli iliyo ukutani ni ileile, rangi yake ni ileile, na fundi anayeifungua ni yuleyule aliyeifungua mwaka jana bila kudhurika, lakini kilichomo ndani si kilekile. Hata uwezo wa breka wenyewe huwa mashakani, kwa kuwa breka iliyotengenezwa kukata ampea 10,000 ikiletewa 18,000 inaweza kupasuka badala ya kukata.

Ajali iliyoyafanya mambo haya kuwa kitu cha kukumbukwa maisha yote ilitokea katika kiwanda kidogo cha kuchakata nafaka ambacho, kwa kuwaheshimu walioumia na waliobaki, hakitatajwa jina wala mahali pake. Kiwanda hicho kilikuwa kimeongeza mashine, na transfoma yake ilikuwa imebadilishwa kuwa kubwa zaidi. Na kwa kuwa mota mpya zilikuwa zikiiangusha breka kuu kila zilipowashwa, mtu fulani aliupandisha mpangilio wa breka hadi mwisho, kelele za kukatikakatika zikaisha na kila mmoja akaona tatizo limetatuliwa. Baada ya muda fundi kijana aligundua kwamba kiungo kimoja cha busibaa, yaani vipande vya shaba vinavyogawa umeme ndani ya paneli, kilikuwa kikipata joto, akaomba mashine zizimwe ili akikaze. Lori lilikuwa likisubiri mzigo. Aliambiwa akaze taratibu, umeme ukiwa umewashwa, na spana yake ikateleza ikagusa busibaa ya fezi ya pili.

Waliokuwapo walisema waliona mwanga mweupe kabla ya kusikia chochote. Kijana alitupwa nyuma, uso na mikono vikiwa vimeungua, na koti lake la mtumba la kitambaa cha polista, alilolivaa kwa sababu asubuhi za Juni na Julai Dodoma zina baridi na upepo, lilikuwa limeyeyuka na kugandia kifuani. Alipona, baada ya kulazwa muda mrefu, lakini vidole vyake havikurudi kuwa vya fundi. Mlango wa paneli ile ulikuwa na alama ya fuvu, mpya na safi, iliyobandikwa mahali pake kwa unyoofu, na mkaguzi yeyote mwenye orodha ya kuweka vyema angeiandika kwamba ipo. Alama hiyo haikumweleza kijana kwamba transfoma ilikuwa imebadilishwa, wala kwamba breka iliyotegemewa kukata kwa sehemu ndogo ya sekunde ilikuwa imefungwa mdomo, wala kwamba joto la mahali aliposimama lilizidi mara nyingi kile ambacho nguo yoyote ya dukani ingeweza kuhimili.

Katika ajali hiyo muda ulikuwa na uzito sawa na mkondo. Joto linalomfikia mtu huongezeka kwa uwiano wa moja kwa moja na muda ambao tao linawaka, hivyo tao litakalotoa kalori 1.5 kwa sentimita ya mraba likizimwa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde litatoa kalori 15 likiachwa liwake sekunde nzima. Anayepandisha mpangilio wa breka, anayebadilisha fyuzi ya ampea 100 kwa ya ampea 250, au anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, kile ambacho mafundi hukiita jampa, huwa hajaongeza ampea hata moja katika transfoma, lakini ameongeza muda, na kwa kuongeza muda ameifuta lebo yoyote iliyokuwa mlangoni hata kama karatasi yake bado inang'aa. Jampa imezoeleka mno katika mashine za kusaga za vijijini na imesamehewa mno na wasimamizi. Ukweli ni kwamba huhamisha gharama kutoka kwenye fyuzi ya shilingi elfu kadhaa kwenda kwenye ngozi ya mtu.

Kutokana na nafasi hiyo ya muda, kuna jambo ambalo huwashangaza hata mafundi wazoefu: mkondo mdogo wa shoti unaweza kuwa hatari kuliko mkubwa. Nyumba za pampu za visima virefu hutoa mfano dhahiri, kwa sababu mara nyingi ziko mwisho wa waya mrefu ambao upinzani wake hupunguza mkondo. Tuseme breka ya ampea 400 imepangwa kukata papo hapo mkondo ukizidi mara kumi, yaani ampea 4,000. Shoti ikitokea mwisho wa waya mrefu na kutoa ampea 2,000 tu, breka haiitambui kuwa shoti bali huiona kama mzigo uliozidi, ikasubiri sekunde kadhaa au zaidi mpaka ipate joto ndipo ikate. Ni hivyohivyo kwa jenereta. Jenereta ya kVA 250 ina mkondo wa kawaida wa takriban ampea 360, na nyingi za ukubwa huo haziwezi kushikilia katika shoti zaidi ya mara tatu ya mkondo wa kawaida, yaani takriban ampea 1,100, kiasi ambacho breka ileile ya ampea 400 hukivumilia kwa muda mrefu. Kwa hiyo paneli inayolishwa na gridi na jenereta kupitia chenji-ova, yaani swichi ya kubadilisha chanzo cha umeme, ina hatari mbili tofauti nyuma ya mlango mmoja, na katika vipindi vya mgao wa umeme, kama ule wa mwishoni mwa mwaka 2023, fundi huweza kukutana na zote mbili kwa siku moja. Lebo ya paneli ya namna hiyo inapaswa kuandika joto la hali iliyo mbaya zaidi, na mwenye kuikokotoa hana budi kuzihesabu hali zote mbili, bila kudhani kwamba jenereta ni mdogo wa gridi kwa kila jambo.

Wahandisi wanaotumia kanuni ya IEEE huruhusiwa kuchukulia kwamba mtu atakuwa amekwisha kujiondoa ndani ya sekunde mbili hata kama breka haijakata, mradi ana njia ya kuondokea. Nyumba nyingi za pampu zilizoonwa na mwandishi zilikuwa vyumba vyembamba ambavyo paneli ilikabili ukuta, mlango ulifunguka kwa ndani, na nyuma ya fundi palikuwa na bomba kubwa au pipa la dizeli. Katika chumba kama hicho sekunde mbili haziwezi kudhaniwa. Mlango unaofunguka kwa nje na sakafu isiyo na vikwazo ni sehemu ya hesabu ya joto sawa na ampea, na ni kazi ndogo ambazo mwashi wa kawaida anaweza kuzimaliza kwa siku chache.

Uwanda wa kati una visababishi vyake vya tao vinavyostahili kusemwa, kwa kuwa vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi havivitaji kwa uzito unaofaa. Kiangazi kirefu cha Dodoma hujaza vumbi jekundu ndani ya kila kasha lenye upenyo, na vumbi hilo likiwa kavu halina madhara makubwa, lakini mvua za kwanza za mwishoni mwa mwaka zikileta unyevu, tabaka lile hugeuka njia nyembamba ya umeme juu ya vihami, yaani vile vipande vinavyozuia umeme usivuke. Mijusi na panya huingia wakitafuta joto, na mjusi mmoja anayetandaza mwili wake kati ya busibaa mbili anatosha kuanzisha tao bila ya binadamu yeyote kukosea. Hatari huwa kubwa zaidi pale fundi anapofungua mlango kwa nguvu na kuutikisa mwili wa mjusi uliokuwa umekaukia humo. Kuziba matundu ya nyaya, kurudisha milango iliyong'olewa na kupuliza vumbi mwezi Oktoba, umeme ukiwa umezimwa, ni kazi za mwisho katika bajeti za taasisi nyingi na zingepaswa kuwa miongoni mwa za kwanza.

Kuhusu mavazi, viwango vya Marekani vya NFPA 70E, ambavyo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1979, vinayagawa katika madaraja yanayohimili walau kalori 4, 8, 25 na 40 kwa sentimita ya mraba, na suti ya madaraja ya juu ni nzito, ina kofia inayofunika kichwa chote, na katika joto la mchana wa Novemba Dodoma haivaliki kwa muda mrefu. Bei yake nayo ni ile ambayo warsha ndogo haziwezi kuimudu kwa kila fundi. Hata hivyo, hatua ya kwanza haina gharama: ni kupiga marufuku nguo za polista na nailoni mbele ya paneli, kwa sababu huyeyuka na kuganda mwilini, na kuvaa ovaroli ya pamba nzito yenye mikono mirefu. Pamba ya kawaida nayo inaweza kushika moto joto likiwa kubwa, hivyo isihesabiwe kuwa kinga kamili, lakini tofauti kati ya kitambaa kinachoweza kuvuliwa na kile kilichoungana na ngozi ilionekana wazi kifuani pa kijana yule.

Na mavazi yenyewe ni kinga ya mwisho. Kinga ya kwanza ni kuzima umeme, kufunga breka kwa kufuli ambalo ufunguo wake anakaa nao fundi mwenyewe, kutundika kadi yenye jina lake, kisha kupima kwa mita, ambayo nayo imejaribiwa kabla na baada ya kipimo, ili kuthibitisha kwamba umeme haupo. Hapa pana mtego ambao lebo inapaswa kuutaja kwa maneno: kuzima breka kuu ya jengo hakuzimi vichwa vya nyaya zinazoingia kwenye breka hiyo, ambavyo kinga yake pekee mara nyingi ni fyuzi za upande wa volti kubwa juu ya nguzo ya transfoma, zinazochelewa kukata shoti ya upande wa volti ndogo. Sehemu hiyo ya paneli ndiyo yenye joto kubwa kuliko zote, na kuizima kunahitaji kuomba shirika la umeme, TANESCO, likate umeme upande wa juu. Ombi hilo lina kusubiri ndani yake, na kusubiri ndiko kunakozaa kishawishi cha kukaza boliti taratibu. Msimamizi anayepanga matengenezo mapema na kuomba umeme ukatwe kwa siku inayojulikana anaokoa watu wengi kuliko anayenunua mabango.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, humtaka mwajiri atathmini hatari zilizo katika eneo lake la kazi, na utekelezaji wake husimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutoa leseni za ufundi wa umeme kwa madaraja. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa anayeumia. Tathmini ya hatari isiyokokotoa joto la tao katika jengo lenye transfoma yake yenyewe ni tathmini yenye pengo, hata ikiwa imegongwa mihuri yote.

Msalato ina nafasi ambayo maeneo ya viwanda vya zamani hayakuipata, kwa kuwa sehemu kubwa ya paneli zake ndiyo kwanza zinafungwa, na hesabu inayofanywa wakati michoro ipo mezani na mkandarasi bado yupo ni rahisi kuliko ile inayofanywa baada ya michoro kupotea na mkandarasi kurudi kwao. Kwa hiyo wahandisi washauri na wenye majengo katika ukanda huu, wa umma na wa binafsi, wanaombwa wasitie saini hati ya makabidhiano ya jengo lolote lenye transfoma au jenereta kubwa kabla ya kupokea mambo matatu: mchoro unaoonyesha njia yote ya umeme kutoka transfoma hadi paneli ya mwisho, jedwali la mpangilio wa kila breka, na lebo ya Kiswahili juu ya kila mlango, yenye kalori, sentimita, mahali pa kuzimia na tarehe. Hesabu hiyo irudiwe kila baada ya miaka mitano, na mapema zaidi iwapo transfoma, jenereta au breka imebadilishwa.